Vitisho Dhidi ya Shule za Watoto Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Columbus, Ohio



Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze juu ya malezi ya ugenini. Mada hiyo ni pana kama bahari, na kila mwaka tumekuwa tukiogelea ukingoni mwake tu. Nikawaomba ruhusa nichukue jambo moja ambalo limekuwa likitunyima usingizi sisi tunaokaa Marekani, nalo ni vitisho vinavyotolewa dhidi ya shule wanazosoma watoto wetu. Ndugu zetu wa nchi nyingine hulisikia jambo hili kwa vipande, kwa sauti fupi zinazotumwa kwenye simu, na mara nyingi kipande kinachowafikia ndicho kilicho kibaya kuliko vyote.

Nianze na mji ulio chini ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka ukumbi huu. Mwezi wa Septemba 2024 mji wa Springfield, Ohio, ulijulikana dunia nzima kwa uvumi uliozushwa juu ya wahamiaji kutoka Haiti, ya kuwa wanakula wanyama wa kufugwa wa majirani zao. Wakuu wa mji walisema hawakupata ushahidi wowote wa jambo hilo. Lakini uvumi una miguu. Ulisemwa mpaka katika mdahalo wa wagombea urais tarehe 10 Septemba, na siku mbili baadaye vikaanza vitisho vya mabomu. Jengo la halmashauri lilifungwa, shule za msingi zikaondolewa watoto katikati ya masomo, vyuo vikafundisha kwa njia ya kompyuta. Tarehe 16 Septemba Gavana wa Ohio, Mike DeWine, alitangaza kuwa vitisho visivyopungua 33 vimepokelewa, vyote vya uongo, na baadhi yake vimetoka nje ya nchi. Hata hivyo alilazimika kutuma askari wa jimbo wakapekue majengo ya shule kila asubuhi kabla ya watoto kuingia.

Hapakulipuka bomu hata moja. Lakini nawaomba mlifikirie jambo hili kwa makini: mtu aliyeketi ng'ambo ya bahari, asiyemiliki hata kiberiti, aliweza kuwatoa madarasani maelfu ya watoto kwa maneno machache. Na waliolengwa walikuwa watu kama sisi, wageni weusi wenye lugha yao na vyakula vyao. Wiki ile simu za wanawake wa ukoo huu hazikunyamaza. Kila mmoja alikuwa akiuliza: leo wao, kesho nani?

Ndugu zetu wa Uingereza wasidhani hili ni la Marekani peke yake. Mwezi wa Machi 2018 zaidi ya shule 400 za Uingereza zilipelekewa barua-pepe za vitisho vya mabomu. Aliyehukumiwa mwaka ule ule, kifungo cha miaka 3, alikuwa kijana wa miaka 19.

Tofauti ya Marekani ni kwamba hapa vitisho vinaangukia juu ya kidonda. Tunayo majina ya shule ambayo kila mzazi anayajua kwa moyo: Columbine 1999, Sandy Hook 2012, Parkland 2018, Uvalde 2022. Kule Sandy Hook waliuawa watoto 20 wa darasa la kwanza na watu wazima 6. Kule Uvalde watoto 19 na walimu 2. Kwa hiyo mzazi anapopokea habari ya tishio hawezi kujiambia kirahisi kuwa ni mzaha. Tarehe 4 Septemba 2024 wanafunzi 2 na walimu 2 waliuawa katika shule ya Apalachee, Georgia, na siku zilizofuata vitisho vilimwagika katika majimbo mengi, mpaka shule nyingine zikafunga milango.

Sasa niwaeleze siku yenyewe inavyokuwa, maana wengi wenu hamjaiona. Simu hulia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Si mtu anayesema, ni sauti iliyorekodiwa, ya Kiingereza cha haraka, nayo hutamka maneno ya kisheria yaliyopimwa ili shule isije ikashtakiwa. Katika nyumba zetu nyingi anayekuwa macho saa hiyo ni bibi, amemaliza kusali, yuko jikoni. Bibi hamuelewi msemaji. Humwamsha mtoto amfasirie. Na hivyo mtoto wa miaka kumi ndiye anayeisikiliza habari ya kuwa kuna mtu ametishia kumuua, kisha anaigeuza Kiswahili kwa ajili ya nyanya yake. Kwa kuwa anampenda nyanya yake, au kwa kuwa anataka kulala, humwambia: "Wanasema theluji."

Mnacheka, nami nilicheka. Lakini shule yoyote ya umma ya Marekani inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Haki hiyo haiji yenyewe mlangoni. Katika fomu ya kumwandikisha mtoto pana mahali panapouliza lugha ya nyumbani, na wengi wetu huandika "Kiingereza" kwa kuona haya, au kwa kuogopa mtoto asije akatiwa katika darasa la wageni. Andikeni Kiswahili. Anayemtathmini mtoto atamtahini mwenyewe na kuona uwezo wake.

Sasa naingia katika kiini cha maneno yangu, na huenda baadhi ya wazee wasipendezwe nayo.

Mwaka 2002 idara ile ya Marekani inayomlinda Rais, iitwayo Secret Service, pamoja na Wizara ya Elimu, walitoa taarifa ya uchunguzi juu ya mashambulizi 37 yaliyofanywa na vijana katika shule zao tangu 1974 hadi 2000. Nimeisoma, nayo ina mambo mawili ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba waliofanya mashambulizi wengi wao hawakuwatishia waliowalenga kabla ya kuwashambulia. Waliotoa tishio la wazi walikuwa asilimia 17 tu. Wazee wetu walikwisha kusema kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hii haina maana kwamba tishio lipuuzwe. Shule haina budi kulichunguza kila moja. Maana yake ni kwamba kelele ya tishio na hatari yenyewe mara nyingi hazikai nyumba moja.

La pili ndilo zito. Katika asilimia 81 ya mashambulizi hayo, mtu mmoja angalau alikuwa ameambiwa au ameng'amua kabla ya siku yenyewe. Na mtu huyo karibu kila mara alikuwa kijana mwenzake: rafiki, mwanafunzi wa darasa moja, ndugu. Hakuwa mwalimu wala mzazi. Idara hiyo hiyo ilipochunguza baadaye njama 67 zilizozuiwa kabla hazijatekelezwa, taarifa yake ya 2021 ilionyesha kuwa mara nyingi waliookoa roho za watu walikuwa wanafunzi waliosikia jambo na kulisema.

Hapa ndipo tunapokutana na malezi yetu wenyewe. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika sitara. Mtoto wetu hufundishwa tangu akiwa mdogo kuwa la nyumbani halitoki nje, kwamba mchongezi hana rafiki, kwamba mmbea ni mtu duni. Ni adabu njema, nami sitaki ife. Lakini mtoto aliyekuzwa hivyo, siku atakaposikia mwenzake akinong'ona neno la hatari, atafanya nini? Atasitiri. Atadhani ametenda jambo jema.

Nina ruhusa ya wazazi wake kuwasimulia yaliyompata kijana mmoja wa ukoo huu. Jina lake na la shule nayaacha. Ana miaka 14. Kwa muda wa miezi mitatu wanafunzi wenzake walikuwa wakimdhihaki kwa jina lake, kwa lafudhi yake na kwa chakula alichofungiwa na mama yake. Usiku mmoja, katika mazungumzo ya kundi la mchezo wa simu, aliandika maneno ya kuwa kesho yake wasije shuleni wale wanaopenda maisha yao. Kwake ilikuwa ni ghadhabu na kujigamba. Asubuhi alitolewa darasani na polisi wawili, amefungwa pingu. Katika sheria ya Ohio kosa hilo huitwa kuzusha taharuki, na likihusu shule huhesabiwa kuwa jinai ya daraja la pili. Kwa umri wake alipelekwa mbele ya mahakama ya watoto. Nyumba ilipekuliwa, hata chumba cha bibi yake. Wazazi wake, ambao walikuwa wakingojea karatasi zao za uraia, walikaa wiki nyingi wakiogopa hata kufungua barua.

Hakuwa na silaha wala nia. Lakini binamu yake wa kike, aliye katika shule hiyo hiyo, alikuwa akijua habari za dhihaka tangu mwanzo, na usiku ule aliyaona yale maneno. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, "Mama alinikataza kuchongea." Mtoto huyo alisema kweli tupu, na hana lawama. Angalikuwa amefundishwa pia ni siri gani isiyositiriwa, dhihaka ingalikomeshwa miezi mitatu kabla, na yale maneno huenda yasingaliandikwa kabisa.

Kwa hiyo rai yangu kwa wazazi ni kwamba tuwaambie watoto kwa lugha nyepesi: anayesema ili mwenziwe apate adhabu, huyo ni mchongezi, anayesema ili mtu asidhurike, huyo ni msamaria. Watoto huielewa tofauti hii haraka kuliko sisi. Aidha, tuwape mtu wa kumwambia. Sheria ya Ohio inataka kila shule yenye madarasa ya 6 hadi 12 iwe na kamati ya kutathmini vitisho, na jimbo lina namba ya simu ambayo mtu anaweza kutoa habari bila ya kutaja jina. Mjue nani yumo katika kamati ya shule yenu. Nendeni mkamwone kabla ya siku ya msiba, mkampe mkono, mkamwambie jinsi jina la mtoto wenu linavyotamkwa.

Jambo jingine ni hizi picha za vitisho zinazorushwa katika kundi letu la ukoo. Mwaka jana ilipita moja yenye kutaja shule ya Springfield, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika Unguja na kurudi, imeongezewa maneno. Marekani ina miji mingi sana iitwayo Springfield. Ile haikuwa ya Ohio. Nawasihi, ndugu wa Leicester hasa, kwani ninyi ni hodari wa kurusha: ukipokea picha kama hiyo, mpelekee mzazi mwenye mtoto katika mji huo, yeye aipeleke shuleni, nawe uinyamazie.

Limebaki la silaha. Najua wapo humu ukumbini wenye maduka, na najua kwamba baada ya wizi wa miaka iliyopita baadhi yenu mlinunua bastola. Siwalaumu. Lakini taarifa nyingine ya idara niliyoitaja, ya mwaka 2019, ilionyesha kuwa takriban robo tatu ya washambuliaji wa shule waliotumia bunduki walizipata nyumbani kwa wazazi wao au kwa jamaa wa karibu. Kule Michigan, baba na mama wa kijana aliyewaua wanafunzi wanne mwaka 2021 walihukumiwa mwaka 2024, kila mmoja kifungo cha kati ya miaka 10 na 15. Bastola iliyo chini ya godoro, au nyuma ya Msahafu juu ya kabati, kila mtoto wa nyumba anaijua. Iwekwe katika sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi zake mahali pengine. Na tunapowapeleka watoto kulala kwa mjomba, tusione haya kuuliza. Mimi nitauliza, na mtakaoniona sina adabu mnisamehe.

Wazee wetu wa nyumbani hutuuliza, kwa nini hamwarudishi watoto? Swali ni la haki na huulizwa kwa mapenzi. Ila tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, na baadhi yetu tuliwajua waliolia. Familia mbili katika ukoo huu zimerudisha watoto wao Mombasa na wanaendelea vizuri. Nyingine zimebaki. Kila nyumba ipime kwa mizani yake, na asimwite mwenziwe mwoga wala mjinga.

Kwenye meza iliyo karibu na birika la chai nimeweka karatasi zenye namba ya jimbo ya kutoa habari, pamoja na mfano wa barua ya kuiomba shule mkalimani wa Kiswahili. Wanaokaa majimbo mengine waandike majina yao nyuma ya orodha, nami nitawatafutia namba za huko kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya sala ya Alasiri vijana wenyewe watazungumza katika chumba cha pili, bila ya wazazi. Wamenikubalia niwepo kwa sharti la kutosema neno.