Harusi Maktabani

Mjini Boston, Marekani, ipo maktaba ya umma ambayo jengo lake la Copley Square lilifunguliwa mwaka 1895. Juu ya mlango yamechongwa maneno yenye maana ya "bure kwa wote". Hata hivyo, jioni wasomaji wakishatoka, wenye fedha hukodi ua wake wakafanya harusi.

Wapo watakaonung'unika: kitabu na ngoma wapi na wapi? Mimi sina ugomvi na bibi harusi. Jengo la kale hula fedha, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila siku mwanafunzi atakapoondolewa mezani saa nane mchana ili mapambo yatundikwe, basi maneno yale ya mlangoni nayo yafutwe.