Kiwewe cha Mtu Asiye na Jamaa: Hotuba kwa Wakazi wa Kajaga



Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini polisi, ambao kazi yao inajulikana kuwa ni kulinda watu na mali, wamekuja leo kuzungumzia maumivu ya moyo. Jibu letu ni fupi. Tunapoitwa usiku, si mara zote tunamkuta mwizi. Pengine tunamkuta mtu aliyepiga mayowe usingizini hata majirani wakadhani anauawa. Pengine ni mama aliyejifungia ndani na watoto wake siku nzima kwa sababu alisikia tairi la lori likipasuka barabarani. Pengine ni kijana aliyempiga mwenzake kwa kuwa alimgusa bega kutoka nyuma. Hawa si wahalifu, wala hawakurogwa. Wengi wao wana kiwewe, na wengi wanakibeba peke yao. Juu ya hao wanaokibeba peke yao ndipo tunapotaka kusema leo.

Barabara hii itokayo Bujumbura kuelekea mpaka wa Gatumba imeona mengi. Wapo kati yetu walioonja vita vilivyoanza mwaka 1993. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi kutoka Kongo zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi yao pale Gatumba. Tarehe 18 Septemba 2011, watu zaidi ya 30 waliuawa katika baa moja huko huko Gatumba. Tarehe 22 Desemba 2023, watu 20, wakiwamo watoto, waliuawa Vugizo, si mbali na hapa. Februari 2025, makumi ya maelfu ya watu walivuka kutoka Kivu Kusini kuingia nchini mwetu, wengine wakipita katika maji ya Rusizi. Ongezeni mafuriko ya ziwa na mto, ambayo tangu mwaka 2020 yamezing'oa familia nyingi kutoka katika nyumba zao. Katika nchi ya namna hii, ni ajabu gani mtu akikosa usingizi?

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Msemo huo unaeleza kiwewe vizuri kuliko vitabu vingi. Mwili wa binadamu umeumbwa uwe na mlinzi ndani yake. Hatari inapotokea, mlinzi huyo hupiga kengele: moyo hukimbia, misuli hukaza, macho hupanuka. Hatari ikipita, kengele hunyamaza. Lakini hatari ikiwa kubwa mno, au ikirudi mara nyingi, mlinzi hukataa kuamini kwamba imepita. Anapiga kengele kwa sababu ya radi, kwa sababu ya harufu ya moshi, kwa sababu ya hodi ya usiku. Ndipo tukio la zamani linaporudi kama linatendeka sasa, katika ndoto na hata mchana. Mtu huanza kukwepa njia fulani, watu fulani, mazungumzo fulani. Moyo huwa mzito, furaha hupotea, hasira huwa karibu. Rwanda, na hata hapa kwetu, watu husema ihahamuka, neno lenye picha ya mtu aliyeishiwa pumzi.

Katika wiki za kwanza baada ya tukio baya, dalili hizi ni za kawaida, na kwa watu wengi hupungua zenyewe. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi, kulala au kuishi na wenzake, hapo zinahitaji msaada.

Sasa tuwafikirie wale wasio na jamaa. Kajaga yetu inao wa namna nyingi. Yupo mkimbizi aliyefika na mtoto mmoja, asijue wengine wako wapi. Yupo Mrundi aliyerudi kutoka kambi za Tanzania. Tangu mwaka 2017 wamerejea zaidi ya 200,000, na si kila mmoja aliwakuta ndugu zake au shamba lake. Yupo pia mtu ambaye hatumfikirii: anaishi katika nyumba nzuri nyuma ya ukuta mrefu, ana kazi na ana gari, lakini kwa mwaka mzima hakuna aliyevuka lango lake kumsalimu. Upweke hauchagui mfuko.

Upweke unafanya nini kwa mwenye kiwewe? Fikirini usiku wa mvua katika nyumba yenye watu wengi. Radi inapiga, mmoja anashtuka, lakini anawaona wengine wanaendelea kulala, au bibi anasema, "Ni mvua tu, mwanangu." Mlinzi wa ndani anapata ushahidi kutoka kwa wengine kwamba hakuna hatari. Aliye peke yake hana ushahidi huo. Anabaki yeye na kengele yake hadi alfajiri. Tena kiwewe kinamwambia ajifiche, na kadiri anavyojificha ndivyo anavyokosa watu wa kumtuliza. Ni duara, na duara hilo linaweza kukatwa.

Kwa ndugu yetu anayeishi hivyo tunasema haya.

Kwanza, kwa saa ile kengele inapolia. Kaa chini, weka nyayo zako sakafuni, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mara nyingi. Kisha taja kwa sauti vitu unavyoviona: mlango, ndoo, taa, kitenge. Taja unavyovisikia, gusa kilicho karibu. Sema jina lako, siku ya leo na mahali ulipo: "Niko Kajaga, ni Jumanne, mlango umefungwa." Mwili uliorudi miaka ya nyuma huhitaji kuambiwa kwamba leo ni leo.

Pili, kwa siku nzima. Amka na ule kwa saa zile zile. Fanya kazi ya mikono, hata kama ni kufagia uwanja. Tembea mchana, lakini ukipenda kwenda ufukweni, rudi kabla jioni haijaingia, maana viboko wetu hawajui habari ya kiwewe. Punguza kusikiliza habari za vita redioni na katika simu kutwa nzima, kwa kuwa kila habari ni kengele nyingine.

Tatu, jihadhari na dawa za uongo. Pombe huleta usingizi saa za kwanza, kisha huuvunja na kuzirudisha ndoto kwa ukali zaidi. Vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila cheti cha mganga, kama diazepamu, vina hatari ya kumfanya mtu ashindwe kuviacha. Shirika la Afya Duniani limeshauri visitumiwe kutibu mshtuko wa siku za kwanza baada ya tukio.

Nne, na hili ndilo kubwa: mtafute mtu mmoja. Hatusemi umtafute rafiki wa kumweleza yote. Anza na anayekuuzia ndagala. Msalimu kwa jina, kesho tena, na keshokutwa. Baadaye mwambie maneno machache tu: "Mimi usiku huwa nashtuka. Ukisikia kelele, usiogope. Gonga mlango, useme jina lako." Maneno hayo hayakudai ufungue historia yako. Lakini sasa kuna mtu mmoja anayejua, na mmoja ni tofauti sana na sifuri.

Wengine watasema kwamba watu baki hawawezi kuponya jeraha kama hili, kwamba kazi hiyo ni ya daktari au ya ndugu wa damu. Ushahidi wa eneo letu unasema vingine. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, miongoni mwa Wanyarwanda na Wasomali 277 waliokuwa na kiwewe. Waliowasaidia hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida wa makazi hayo hayo, waliofundishwa kwa wiki chache. Kwa njia mojawapo, mtu alisimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, na kila tukio likawekwa mahali pake na wakati wake. Mwishoni mwa ufuatiliaji, takribani 7 kati ya 10 ya waliosaidiwa kwa njia hiyo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Miongoni mwa waliofuatiliwa bila kusaidiwa, walikuwa chini ya 4 kati ya 10.

Mwaka 2013, utafiti mwingine ulieleza habari za wanawake 405 wa mashariki mwa Kongo waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Waliokutana katika vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa Kikongo waliopewa mafunzo, walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja bila kikundi. Nasi wenyewe tunazo warsha zilizoanza Rwanda na Burundi mwaka 2003, zinazowakalisha pamoja kwa siku tatu watu wa pande zilizopigana. Kwa hiyo aliyekosa ukoo hajakosa tiba. Watu wasiojuana, wakikutana kwa utaratibu na kwa siri, huweza kuwa jamaa wa namna mpya.

Sasa tuwageukie majirani. Msaada wa kwanza una hatua tatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Angalia ni nani aliyeacha kutoka nje, ni nani ambaye moshi hauonekani jikoni kwake. Sikiliza atakapotaka kusema, wala usimlazimishe. Kusimulia kwa hiari, mbele ya mtu aliyefundishwa, huponya. Kuhojiwa mlangoni na mwenye shauku ya habari huchubua jeraha upya. Usiulize kabila lake, wala ni nani aliyemtenda. Usimwambie, "Sahau, wengine waliona makubwa kuliko wewe." Mpelekee maji, mshikie mtoto, mwende pamoja sokoni. Kisha muunganishe na wenye uwezo: kituo cha afya, kikundi cha kanisa au cha msikiti, na kwa hali nzito, kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, ambacho kinawahudumia wagonjwa wa moyo na akili bila aibu yoyote.

Akisema kwamba anataka kufa, msimwone mwenye kujidai. Msimwache peke yake hata dakika moja. Ondoeni karibu naye kisu, kamba na sumu ya shambani, na mumpeleke kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Mkishindwa, tuiteni. Hatuji kumkamata, tunakuja kumsindikiza.

Tunajua kwamba kwa wengine wenu sare hii yenyewe ni unyasi wa nyoka. Mtu aliyetendwa na watu wenye silaha hatazami kwanza beji, anatazama bunduki. Kwa sababu hiyo tunawaomba wakuu wa nyumba kumi mtutangulie tunapokwenda kwa mtu mnayejua ana kiwewe, ili asikie kwanza sauti anayoifahamu. Askari atasema jina lake na sababu ya kuja kabla mlango haujafunguliwa, atasimama mahali anapoonekana, hatamgusa mtu bila kumwambia. Pale mpakani, mwenye kutetemeka au kusahau maneno yake si lazima awe anaficha kitu. Na askari nao ni binadamu: wapo waliookota miili, wapo waliozika wenzao. Haya tunayowaambia tunaambiana pia sisi wenyewe kwa wenyewe.

Tungependa kuondoka hapa tukiwa na jambo la kutenda. Tunaomba kila nyumba kumi ichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye kutunza siri. Kazi yao isiwe kupeleleza wala kuandika ripoti. Iwe kuzijua nyumba ambazo ndani yake mtu anaishi peke yake, kubisha hodi mara moja kwa wiki mchana, kusalimu, na kuondoka. Mgeni akihamia, wao wawe wa kwanza kumkaribisha, na asilale usiku wake wa kwanza bila kujua jina la jirani mmoja. Nasi tutakutana na hao wawili kila mwezi, wakiwa na haja yetu.

Wahenga walisema pia kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Kwa yule ambaye ndugu zake wote wako mbali, au hawapo tena duniani, huo si usemi wa kupamba mazungumzo. Ndio uhai wake. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kila mmoja wetu autazame mlango mmoja ambao hajawahi kuubisha.