Daktari wa wodi za nyasi



Leo tumkumbuke Dk. Leader Stirling, aliyefariki mwaka 2003. Wengi wenu hamkumwona, lakini wazee wa Masasi na Nachingwea waulizeni, watawaeleza.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London. Angeweza kubaki kwao, ale vizuri, alale pazuri. Lakini mwaka 1935 akaja Tanganyika, akaingia Lulindi. Wodi za udongo na nyasi, jamani! Humo humo akapasua wagonjwa na kuwafundisha wauguzi wazalendo. Baadaye akahamia Mnero, kisha Kibosho.

Msidhani alikuwa mtu wa sindano tu. Uskauti ulikuwa damuni mwake. Vitabu aliandika. Siasa hakuiogopa: mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Mzungu wa kuja, akafa Mtanzania!

Nauliza: ni vigogo wangapi wanaoijua harufu ya wodi kama alivyoijua yeye? Mheshimiwa akija na shangingi kuomba kura, msimwombe fulana wala kofia. Muulizeni mara ya mwisho alipanga foleni ya zahanati lini, na mama mjamzito anaambiwa anunue glovu kwa nini.

Na wewe wa kijiweni, usisubiri digrii. Jifunze kufunga jeraha, soma kitabu, jitolee damu. Mtu mmoja anaweza kuwa mambo mengi, mradi yote yawafae wenzake.