Kiti cha New York na Deni la Kisangani

 

Tangu Januari 2026 inchi yetu iko ndani ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, miaka mbili nzima. Siku tulichaguliwa, tarehe 3 Juni 2025, tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kiti kile ni cha kufanyia nini?

Sisi wa Tshopo jibu tuko nalo. Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana siku sita ndani ya Kisangani, kilometa karibu mia moja tu kutoka hapa kwa njia ya mto. Walipigana wao kwa wao, juu ya muji ambao si wa mmoja wao! Mabomu yalianguka kwenye nyumba, makanisa, masomo. Mamia ya raia walikufa. Tarehe 16 ya mwezi uleule, Baraza hilihili likatoa azimio 1304, likasema Uganda na Rwanda wanapaswa kulipa uharibifu wa Kisangani. Wote wawili.

Uganda tuliishitaki La Haye, tukashinda mwaka 2005. Hesabu ya malipo ilikuja 2022: dola milioni 325. Kinshasa iliomba zaidi ya bilioni 11. Kwa nini pengo kubwa hivi? Mahakama iliona ushahidi wetu hautoshi. Tulienda na maneno mengi na karatasi kidogo. Hapa Yangambi, tangu 1933, watu wanapima miti, mvua, udongo, wanaandika kila kitu. Mti wa hapa uko na namba yake, lakini marehemu wa Kisangani wangapi wako na yao? Tunasema bila kuficha: hiyo ndiyo diplomasia mbovu, ya kostimu na hotuba, bila dosie.

Rwanda nayo? Mwaka 2006 mahakama ilisema haina uwezo wa kusikiliza kesi ile. Basi nusu ya azimio 1304 imelala. Mapatano ya Washington ya Juni 2025, mazungumzo ya Doha, sawa, vita ya Kivu lazima iishe. Lakini sasa tuko wenyewe kwenye meza ambako azimio liliandikwa. Nani ataliamusha kama si sisi?

Halafu kuna makuta yenyewe. Uganda ilipangiwa milioni 65 kila mwaka, miaka 5. Septemba 2025 Cour de cassation ilimuhukumu aliyekuwa waziri wa Sheria juu ya karibu milioni 19 za pesa hizo, zilizotolewa eti kwa kujenga gereza Kisangani. Gereza, na wahanga wanangoja! Balozi wetu atadai nini kwa Kigali kama Kampala inatuonyesha kidole?

Kwa hiyo tunadai hesabu ya pesa ya wahanga itangazwe wazi, na balozi wetu New York alitaje azimio 1304 kwa jina lake. Na sisi tulio na diplome bila kazi, tuko na kalamu na wakati. Kama familia yako ilipoteza mutu ao nyumba siku zile sita, bakia hapa kisha mukutano. Tutaandika jina, kartiye, tarehe, na nani aliona.