Haki ya Mkulima wa Kahawa
(Maneno kwa wakulima, Nyamahanga)



Mwaka 1989 mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka. Katika miaka iliyofuata, ushirika wa Kagera, KCU, uliingia katika biashara ya haki, ambamo bei haishuki chini ya kiwango kilichowekwa, na wanachama huamua mkutanoni matumizi ya fedha ya nyongeza. Basi mkulima hajiungi kwa kupenda cheti. Anatafuta bei ya kutegemewa na sauti yake mwenyewe.

Lakini cheti hakimsaidii aliyekwisha kuuza butura, kahawa ikiwa bado mtini, kwa kubanwa na ada ya mtoto. Kwa hiyo tuanzishe akiba ya kukopeshana. Tukimkopesha jirani Januari, Julai atavuna kahawa iliyo yake.