Cheo ni Amana, Si Urithi: Mazingatio Katika Maisha ya Tok Guru Nik Abdul Aziz

(Mhadhara uliotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri)

Himdi zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu,

Kila unapokaribia uchaguzi tunasikia mtu akinadiwa kwa kauli hii: “Mpeni huyu, ni mtoto wa sheikh.” Je, nasaba ya dini inatosha kumpa mtu amana ya watu? Mtoto wa Nabii Nuhu (a.s.) alikuwa na baba Mtume, na gharika ikamchukua. Leo nitalijibu swali hili kwa maisha ya mtu mmoja, mema yake na upungufu wake.

Nik Abdul Aziz bin Nik Mat alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Pulau Melaka, karibu na mji wa Kota Bharu, jimbo la Kelantan, kaskazini mashariki mwa Rasi ya Malaysia. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini, na kwake ndiko alikoanzia kusoma. Mwaka 1952 alikwenda Deoband, India, kisha Al-Azhar, Misri, akabobea katika lugha ya Kiarabu na fiqhi. Akarudi kwao kusomesha. Watu wakamwita Tok Guru, yaani mwalimu mkubwa.

Mwaka 1967 aliingia Bunge la Malaysia kwa tiketi ya chama cha PAS. Oktoba 1990 chama hicho na washirika wake walishinda viti vyote 39 vya Baraza la Kelantan, naye akawa Waziri Kiongozi wa jimbo. Alikaa katika cheo hicho hadi Mei 2013, zaidi ya miaka 22. Mwaka 2004 upepo ulivuma vibaya, chama kikabaki na viti 24 kati ya 45, lakini hakikuanguka.

Serikali yake ilijiwekea misingi mitatu: ubudiyya, mas’uliyya na itqan. Tuipime kazi yake kwa mizani hiyo aliyoichagua mwenyewe.

Ubudiyya ni kujua kuwa mtumishi wa serikali ni mja wa Allah kwanza. Hakuhamia katika makazi rasmi ya kiongozi. Alibaki katika nyumba yake kijijini, jirani na msikiti na madrasa, akiswalisha watu. Siku ya Ijumaa asubuhi alidarsisha mjini Kota Bharu, watu wameketi barabarani juu ya mikeka. Uwaziri haukumtoa katika ualimu. Ni wangapi kwetu ambao kiti kimewatoa hata katika safu ya swala ya jamaa?

Mas’uliyya ni kujua kuwa utaulizwa. Hapa, ndugu zangu, ndipo ulipo mtihani mkubwa, na haki inatutaka tuseme kweli. Mwaka 2009 mkwewe alikuwa mkuu wa shirika la serikali ya jimbo. Manung’uniko yakatoka ndani ya chama chake mwenyewe, na mwishowe mkwe huyo akajiuzulu. Katika mwaka huo huo palizuka maneno juu ya safari ya Hijja ambayo angegharamiwa na mfanyabiashara, naye akaifuta. Tunaijua hadithi ya mkusanya zaka aliyerudi Madina akitenganisha mali ya Waislamu na zawadi alizopewa yeye. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akahoji kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa mama yake. Basi ikiwa mtu mwenye zuhdi kama Tok Guru alifikwa na mtihani wa mkwe na wa zawadi, ni nani miongoni mwetu atakayejiona salama? Na ona faida ya watu kusema: walimpenda, lakini hawakumnyamazia. Aliyekukosoa kwa haki amekusaidia kuibeba amana yako.

Itqan ni kuikamilisha kazi. Mwaka 1992 jimbo lilianzisha rahani isiyo na riba, wanyonge wakapata pa kuweka dhahabu yao bila kunyonywa. Mwaka 1993 Baraza lilipitisha sheria ya jinai ya Kiislamu, lakini haikutekelezwa kwa kuwa katiba ya nchi imeweka mambo hayo chini ya serikali kuu. Pamoja na hayo, Kelantan ilibaki miongoni mwa majimbo maskini, na wananchi waliendelea kulalamikia maji machafu ya bomba. Serikali yake iligombana na serikali kuu juu ya fungu la mapato ya mafuta, na udhuru huo una uzito. Lakini mama anayefungua bomba yakatoka maji yenye rangi ya udongo hahitaji hotuba, anahitaji maji. Taqwa ya kiongozi haiondoi wajibu wa kuwa na mafundi hodari.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 12 Februari 2015, akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa kijijini siku ya Ijumaa. Mwaka 2018 mwanawe mmoja alishinda ubunge kwa tiketi ya PAS, na mwingine aligombea kiti kile kile cha baba yake kwa tiketi ya upinzani, akashindwa. Jina la baba lilikuwa moja, nalo halikuweza kuwaamulia watu.

Basi ndugu zangu, anapokuja mtoto wa sheikh kutaka kura, msimkatae kwa nasaba yake wala msimpe kwa nasaba yake. Muulizeni: unaishi wapi, nani wa kwako umempa kazi, zawadi zako zinatoka kwa nani, na maji yatafika lini? Na sisi tunaolea watoto katika nyumba za elimu tuwafundishe kuwa jina la baba ni deni wanalodaiwa, si mtaji wa kutembea nao.

Tunamuomba Allah amrehemu Tok Guru, amsamehe alipoteleza, na atupe viongozi wanaoogopa kuulizwa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.