Mboga za Uani: Maneno Tuliyowaambia Wanachama wa Tawi



Leo hatukuja kusema habari za kadi wala za uchaguzi. Tumekuja kusema habari za mchicha. Twaona wengine mwacheka. Chekeni, lakini kila mmoja na ajiulize: jana mboga ya nyumbani kwake ilitoka wapi, na ilimgharimu nini?

Wengi tutajibu kuwa ilitoka sokoni, au kwa mama apitaye na beseni kichwani. Fungu ni dogo, bei si kubwa, kwa hiyo hakuna aihesabuye. Lakini fungu hilo hununuliwa leo, na kesho, na keshokutwa, na mwezi ukiisha mama wa nyumba ndiye ajuaye pesa ya daftari la mtoto ilikwenda wapi. Na nyuma ya nyumba hiyo hiyo pana uwanja mtupu unaofagiliwa kila asubuhi hadi ukang'aa kama sahani. Usafi ni jambo jema, hatukatai. Ila uwanja mtupu haujapata kumlisha mtu.

Wako wasemao, "Sisi ni watu wa mjini, jembe tumeliacha kwetu." Fikra hiyo ina asili yake. Wakati wa ukoloni, katika miji mingi ya Afrika, mahindi yaliyopandwa karibu na nyumba yalifyekwa kwa hoja kwamba yafuga mbu wa malaria. Mji ulitakiwa uwe wa maofisi na maduka, na mkulima abaki huko alikotoka. Ukoloni umekwisha, lakini bado wako waonao haya kuinama mbele ya jirani. Waulizeni wazee walioishi Dar es Salaam miaka ya 1980, wakati mshahara ulipokuwa hauuoni mwisho wa mwezi. Watawaambia kuwa hata walimu na makarani walilima mboga pembeni mwa nyumba zao na kufuga kuku, na hakuna aliyepungukiwa heshima.

Tuje kwenye furaha yake. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya baruti. Ukiimwaga peke yake itarundikana mahali pamoja, basi ichanganye na mchanga mkavu kisha uinyunyize juu ya tuta lililolainishwa. Tuta lenyewe halihitaji shamba: hatua tatu kwa moja zatosha kuanzia. Baada ya siku nne au tano utaona wekundu na kijani vikichungulia, na hapo ndipo utakapojua kwa nini tumewaita hapa. Mtu mzima, mwenye watoto na deni dukani, ataamka kabla ya jua kwenda kutazama majani yasiyozidi ukucha! Watoto nao watagombania kopo la kumwagilia, jambo ambalo hawalifanyi kwa ndoo ya kuoshea vyombo. Wiki ya nne mchicha u tayari. Chuma ncha, uache shina lichipue tena. Mboga iliyokatwa na umande wake na kuingia chunguni saa ile ile haifanani kabisa na ile iliyolala sokoni siku mbili.

Matembele ni rahisi zaidi. Omba marando kwa jirani, kata vipande vya shibiri mbili, fukia vifundo viwili au vitatu, basi. Asiye na uwanja hata kidogo na atafute gunia, alijaze udongo na samadi, aweke nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hadi chini, kisha atoboe ubavuni na kupanda pande zote. Samadi iwe imeoza vizuri, kwa maana mbichi huunguza miche. Maganda ya ndizi na majani yafagiliwayo uani, badala ya kuchomwa moto, yafukiwe yaoze. Huo ni utajiri tunaoutia kiberiti kila Jumamosi. Maji yaliyooshea mchele na mboga yafaa sana kumwagilia. Lakini tahadharini na maji ya mito ipitayo mjini yenye taka za viwandani: mboga itanawiri machoni, na sumu mtailia sahanini.

Na faida ya mwilini je? Majani haya ya kijani yana madini ya chuma, na yana asili ya vitamini A, ambayo mtoto akiikosa macho yake huanza kushindwa kuona jioni. Vitamini hiyo hupokewa vema mwilini pamoja na mafuta, kwa hiyo bibi zetu waliounga mboga kwa nazi na karanga hawakukosea hata kidogo. Wapikao kisamvu wasisahau kukitwanga na kukichemsha sana, maana kibichi kina sumu. Mnavu na mgagani ambazo vijana wamezidharau kwa uchungu wake, zirudisheni. Huko Tengeru, Arusha, kipo kituo cha utafiti wa mboga kinachohifadhi mbegu za mboga zetu za asili. Ikiwa wataalamu wanaziweka akiba, sisi twazing'oa kama magugu kwa sababu gani?

Jambo moja tunalisisitiza: mbegu. Anunuaye mbegu kila msimu bado yu mkononi mwa mwenye duka. Acheni mashina mawili ya mchicha yarefuke, yatoe masuke, yakauke. Pukuteni juu ya ungo, pepeteni, wekeni ndani ya chupa kavu. Shina moja hutoa maelfu ya mbegu, za kwako na za mtaa mzima.

Sisi tumekwisha pukuta zetu. Ziko mezani kwa katibu, zimefungwa katika karatasi, kijiko kimoja kwa kila nyumba, bila malipo. Mwenye marando ya matembele na ayalete Jumamosi asubuhi, na mwenye jembe la ziada aje nalo, kwa kuwa tutaanza na uwanja wa nyuma ya ofisi hii.